Taya la Mama na Langu

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilikuwa naingiza vidole mdomoni kupima. Mwanzoni viliingia viwili, kimoja juu ya kingine, vikibanwa. Baada ya miezi miwili kikawa kimoja na nusu. Siku kilipoingia kimoja tu, na chenyewe kikikwaruzwa na meno, nilikaa kitandani nikalia kwa sauti, maana mwisho wa safari ile nilikuwa naujua. Mama yangu mzazi alikufa kinywa kimefungwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwepo. Sasa nilikuwa na hamsini na mmoja, na ilikuwa zamu yangu.

Sitajisingizia upole. Mimi ni mtu wa hasira, na mtu wa hasira asiyeweza kufungua mdomo ni balaa ndani ya nyumba. Nilikuwa nazungumza katikati ya meno, watu wakidhani nimenuna, wakiniuliza nimenunia nini, nami nikanuna kweli. Binti yangu, ambaye tunaishi wawili tu Kirumba tangu baba yake afariki, mwanzoni alikuwa anajibana asicheke. Baadaye akaacha. Alikuwa ananisagia wali na mchuzi wa sato kwenye brenda, kitu kizito chenye rangi ya udongo, nami nikikinywa huku namwangalia kwa jicho baya kana kwamba yeye ndiye aliyeniloga.

Kazi yangu ni kushona nyavu. Ukienda Mwaloni, soko la samaki, nyuma ya mabanda ya dagaa, utatukuta wanawake wachache tumekaa chini, nyavu zimetufunika miguu, tunaziba matundu yaliyochanwa na mawe au na kiboko. Wengine hukaza wavu kwa kidole gumba cha mguu. Kwetu, kwa akina mama yangu kule Ukerewe, uzi unakazwa kwa meno. Mkono wa kushoto unashika wavu, wa kulia unapitisha sindano, uzi unaubana kwa meno ya kushoto na kuuvuta kwa kichwa, fundo linaganda. Fundo letu halilegei, na wavuvi wanalijua. Kuna wanaoniletea kazi kutoka visiwa vya mbali wakiwapita mafundi kumi njiani. Nimeringia jambo hilo maisha yangu yote.

Kwanza taya lilianza kulia. Nikila mahindi ya kuchoma, linalia ka, ka, mbele ya sikio, na binti yangu analisikia akiwa upande wa pili wa mkeka. Halafu sikio likaanza kuuma. Duka la dawa wakanipa matone, chupa mbili zikaisha. Maumivu yakashuka kwenye meno. Nikaenda kwa mtu mmoja wa mtaani anayeng'oa, nikamwonyesha jino, akaling'oa. Wiki iliyofuata nikamwonyesha la jirani yake, akaling'oa nalo. Hakuuliza kitu, na mimi sikumpa nafasi ya kuuliza. Yalitoka meno mazima, meupe, nikayatazama kwenye kisahani nikajiambia labda ubovu uko ndani ya mzizi. Maumivu yakabaki pale pale, kama vile hakuna kilichong'olewa.

Kanisani nilipakwa mafuta. Mwenzangu wa nyavuni aliniambia taya limekakamaa kwa kukosa mazoezi, nitafune kitu kigumu. Nikatafuna michembe, vile viazi vya kukatwa na kuanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama vigae, nikatafuna kutwa nzima huku machozi yananitoka. Kesho yake ndipo kidole cha pili kilipokataa kabisa kuingia. Jamani, mtu akiwa na shida husikiliza kila mwenye mdomo.

Wiki hiyo kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Ukerewe. Alikuwa ameshasikia. Akasema neno ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo moyoni tangu siku ya kwanza, ila sikutaka kulitamka.

"Yule mwanamke hajamaliza kazi yake."

Yule mwanamke ni mama mdogo, mke wa pili wa baba. Baba alimwoa kutoka bara, kwa watu wa pamba na ng'ombe, akamleta kisiwani akiwa na miaka kama ishirini na mitatu. Mambo ya nyavu hakuyajua na hakujifunza. Watu walisubiri waone yeye na mama yangu wakigombana, wakasubiri sana. Mama alipoanza kuumwa taya, mama mdogo ndiye aliyemhudumia. Alikuwa anachemsha maji, analowesha kitambaa, anakikamua, anamwekea shavuni mpaka kipoe, halafu anarudia tena. Alimpikia uji mlaini wa mtama na maziwa, akamnywesha kwa kijiko kidogo, bila haraka. Na alikuwa anamsemesha kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio, maana sauti kubwa zilimwumiza mama. Siku moja nilikuwa mlangoni nikayasikia maneno yenyewe. Alikuwa anamwambia aache uzi, aache kabisa.

Mama hakuacha. Kulikuwa na nyavu za watu zinasubiri, naye hakuwa mtu wa kusema nimeshindwa. Kinywa kikazidi kufunga.

Ndipo ndugu walipokaa kikao, uani kwa mjomba. Wakauliza nani anaingia kwa mgonjwa na anafanya nini humo. Wakaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa binti mkubwa na nilikuwa nashinda ndani. Na mimi nilisema. Hakuna aliyenilazimisha wala kunifundisha. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na wivu pia, maana mama alikuwa anaushika mkono wa yule mwanamke kuliko alivyoushika wangu. Nilisema anamwekea kitambaa cha moto kila siku, na tangu aanze mdomo unazidi kufunga. Nikasema anamnong'oneza sikioni. Nikasema nimemsikia kwa masikio yangu akimkataza asishone nyavu tena. Mjomba akasema mtoto hasemi uongo, na kikao kikaishia hapo.

Mama mdogo alifukuzwa mchana ule ule. Vitu vyake vilitupwa nje, godoro lake likachomwa. Baba hakumtetea. Watoto walimfuata mpaka gatini wakimzomea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Uji ukakoma, kwa sababu sasa ulikuwa uji wa mchawi. Mganga aliyeletwa akakataza kitu chochote cha moto kisimguse mgonjwa. Wakajaribu kumfungua kinywa kwa mpini wa mwiko. Mimi nilishika miguu. Mama alidhoofu, siku ya kumi na mbili homa ikampanda, na hakuwa na nguvu ya kushindana nayo.

Kwa hiyo kaka aliposema neno lile, sikushangaa. Miaka thelathini na saba nilikuwa naamini hivyo, na mtu akiamini kitu muda wote huo hakiulizi tena maswali. Tena nilikuwa najua mama mdogo alipo. Miaka kumi nyuma nilimwona Igoma, pembeni ya mji wetu huu, akiuza nafaka nje ya kibanda, nikavuka barabara upesi asije akanitia jicho. Kaka akasema amepata mtu wa kuyarudisha mambo yalikotoka. Niende Ukerewe Jumamosi, kazi ifanyike. Mimi nifunguke, na yule yatakayompata yampate. Nikajibu ndiyo. Nililisema kupitia meno yaliyobana, lakini nililisema, na nililitaka. Nilikuwa nimechoka kuogopa, nilitaka mtu mwingine achukue kifo changu.

Binti yangu alisikia ile simu. Hasira amerithi kwangu, siwezi kumlaumu. Aliingia akasimama mbele yangu akaniambia nikienda huko Jumamosi, nikirudi simkuti ndani ya nyumba. Nikamwambia anyamaze, yeye hakumwona bibi yake akifa. Akasema kweli hakumwona, lakini mimi ananiona. Alhamisi akanivalisha khanga kama mtoto, akaniita bajaji, tukaenda mjini hospitali, kwa daktari wa meno aliyesomea.

Daktari mwenyewe ni kijana, umri wa binti yangu. Alinipa shikamoo nikaitikia kwa kunguruma. Nilidhani ataangalia meno. Hakuyaangalia. Aliweka vidole viwili mbele ya masikio yangu akaniambia nifungue nifunge, nifungue nifunge, na macho yake yalikuwa kwenye ukuta, anasikiliza kwa vidole. Kisha akachukua mkono wangu akaweka vidole vyangu mwenyewe pale pale. Nikahisi kitu kinakwama chini ya ngozi upande wa kushoto.

Akanieleza kwamba hapo kuna kiungo, kama goti lilivyo kiungo, ila hiki kinafanya kazi kila tukila na kila tukisema. Katikati yake kuna kijisahani laini, kama kijigodoro, kinachozuia mfupa usisuguane na mfupa. Changu kimeteleza kutoka mahali pake, na misuli ya shavu imeshikana kwa kuchoka. Maumivu ya hapo, akasema, yana tabia ya kuhamahama, yanaweza kujifanya ya sikio, yakajifanya ya meno. Nikafikiria yale meno yangu mawili kwenye kisahani. Nilitaka kumpiga mtu.

Akaniuliza kama kazi yangu inanifanya ning'ate kitu. Nikamwambia kazi yangu ni ya mikono. Sikuwa nadanganya, haki ya Mungu. Ungeniuliza mara mia ningekujibu hivyo, kwa sababu mdomo sikuuhesabu. Akawasha kitochi akanifungua midomo, akasimama kwenye jino la pembeni la kushoto.

"Mama, hili jino umelikata na nini?"

Nilicheka kadiri nilivyoweza. Nikamwambia halijakatwa, ndivyo tulivyoumbwa. Hilo ndilo jino la kwetu. Mama alikuwa nalo, lenye mfereji pembeni hivyo hivyo, na bibi alikuwa nalo, na mama zangu wakubwa wote. Bibi alikuwa anatukagua wasichana mmoja mmoja, na mfereji ukianza kuonekana anafurahi, anasema huyu sasa ni wa kwetu kweli. Daktari akauliza kaka zangu kama wanalo. Hawana. Na binti yangu huyu? Hana. Akauliza kaka zangu wanafanya kazi gani. Wanavua. Na binti? Binti ni mwalimu wa chekechea, nyavu alizikataa, na nimemgombeza miaka kwa hilo.

Kwenye mkoba nilikuwa na sindano ya nyavu na uzi wake, siachani navyo. Akaniomba nimwonyeshe ninavyofunga fundo. Nikabana uzi, nao ukaingia wenyewe ndani ya ule mfereji wa jino, ukakaa kama ufunguo kwenye kitasa chake. Nilibaki nimeshikilia uzi mdomoni mbele ya kijana yule.

Alisema hakuna haja ya kupasua. Akapima meno yangu kwa kuning'atisha udongo laini, nirudi wiki ijayo nichukue kifaa cha plastiki cha kuvaa nikilala, kwa kuwa hata usingizini nilikuwa nasaga meno. Mengine akayaandika kwenye karatasi, na nje kwenye korido binti yangu akanisomea. Kitambaa cha maji ya moto, kikamuliwe, kiwekwe shavuni mpaka kipoe, irudiwe mara kadhaa kwa siku. Uji na vyakula laini, kidogo kidogo, bila haraka. Kinywa kisilazimishwe kufunguka kwa nguvu wala kwa kifaa chochote, mazoezi yawe ya taratibu, ulimi ukigusa juu. Meno yasigusane ila wakati wa kula. Na uzi, aache kabisa.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akaniuliza nina nini. Kila mstari wa karatasi ile niliwahi kuuona ukifanywa, kwenye chumba cha udongo, na msichana asiyejua hata kusoma, na nilikuwa nimeupeleka mstari mmoja mmoja uani kwa mjomba kama ushahidi wa uchawi. Kitambaa, kunong'ona, uzi. Sikuwa nimesahau hata kimoja. Kumbe sisi tuliifukuza dawa na kumzomea mpaka gatini.

Nilirudi ndani bila kubisha hodi. Nikamwuliza daktari kama mtu anaweza kufa kwa taya. Akaniangalia vizuri kabla ya kunijibu. Alisema mama yangu hakumwona, hawezi kusema kilichomuua. Lakini taya la namna hii peke yake haliui mtu. Kinachoua ni kutokula.

Jioni nilimpigia kaka nikamwambia hakuna Jumamosi, aachane na yule mtu wake. Nikamweleza yote, kwa shida, neno kwa neno. Akanijibu kwamba mchawi akiwa na nguvu hata daktari humziba macho. Ni maneno ambayo mimi mwenyewe ningeyasema wiki moja nyuma. Nikakata simu.

Ningependa kusema nilikimbilia Igoma kesho yake. Sikukimbia. Ilinichukua wiki tano, na wiki hizo zilikuwa mbaya kuliko zile za kidole kimoja. Kila nilipoweka kitambaa shavuni nililia, na kilikuwa kinasaidia, hilo ndilo lililoniua zaidi. Siku ya tatu maumivu yalipungua. Wiki ya pili kidole cha pili kilianza kuingia. Nilikuwa napona kwa mambo ambayo mama alinyimwa kwa mdomo wangu, na kila nafuu ilinichoma. Kuna asubuhi nilitamani taya lirudi kufunga, tuwe sawa. Nyavuni nilijaribu kukaza uzi kwa kidole cha mguu kama wengine, mafundo yakalegea. Mteja mmoja akanirudishia wavu bila kunitukana. Afadhali angenitukana.

Siku niliyokwenda kulikuwa na jua kali. Nilimkuta nje ya kibanda kile kile, anapepeta mtama kwenye ungo. Amezeeka, mgongo umejikunja kidogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama anavyomwitikia mteja yeyote, akauliza nataka visado vingapi vya mtama. Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Ungo ulisimama. Halafu ukaendelea.

Nikamweleza huku nimesimama juani. Jino, uzi, kiungo, karatasi ya daktari. Nikamweleza na Jumamosi ile ambayo nilikuwa nimekubali, maana niliona nikificha hilo nitakuwa sijaenda kusema kitu. Alisikiliza huku anachambua vijiwe. Nilipomaliza akaniuliza nani kaniambia haya yote. Nikamjibu daktari.

"Mimi nilipowaambia sikuwa daktari," alisema.

Nikapiga magoti pale kwenye vumbi. Nililia mbele ya watu wanaopita, mimi ambaye hata kwenye msiba wa mume wangu nilijikaza. Akaniambia niinuke, namfukuzia wateja. Akanisogezea kigoda. Nikamwomba anisamehe, nikamwambia nilikuwa mtoto. Akasema analijua hilo, na kwamba alikuwa na mtoto wake tumboni siku ile ya gatini, na mimba haikufika hata mwezi wa sita. Hilo mimi sikulijua, na sidhani kama baba alilijua. Kinywa kilikuwa kinafunguka sasa, vidole viwili vizima, na hakikuwa na kitu ndani.

Alimwaga vijiwe chini, akaukung'uta ungo. Akasema kuomba msamaha Igoma, wawili tu, juu ya kigoda, ni kazi rahisi. Mimi nilisema uani, mbele ya watu, kwa sauti, na mjomba akanisifu. Basi nikasemee pale pale.

Nikamwambia ukweli, kwamba mjomba amekufa, baba amekufa, na karibu wote waliokaa uani siku ile wako makaburini. Amebaki kaka, naye haamini. Sijui nani tena wa kwenda kumwambia.

"Mimi sijafa," alisema, na akauliza siku hizi meli ya Ukerewe inaondoka saa ngapi.